MBIO NDEFU NA GOTI LINALOUMA

Mafundisho kwa wakatekumeni

Mtume Paulo alikaa katika mji wa Korinto mwaka mmoja na miezi sita, akishona mahema kwa mikono yake na kuwafundisha watu habari za Yezu Kristu. Karibu na mji ule palikuwa na kiwanja kikubwa cha michezo. Kila mwaka wa pili Wagiriki walikusanyika hapo kushindana kwa mbio, mieleka na ngumi. Mshindi alivikwa kichwani taji la majani tu, nalo halikukawia kunyauka. Wakorinto wote waliyajua mambo hayo. Kwa hiyo Paulo alipowaandikia barua alichukua mfano ulio mbele ya macho yao. Aliwakumbusha jinsi mkimbiaji anavyojinyima vitu vingi kwa ajili ya taji la siku chache. Akawafundisha kwamba Mkristu naye yumo mbioni, ila taji lake ni la milele.

Lakini liko jambo ambalo mkatekumeni huuliza moyoni mwake bila kulisema. Mkimbiaji mwenye afya twamwelewa. Je, yule aliyeumia? Yule aliyeanza vizuri, kisha goti likavimba, afanye nini? Aendelee huku analia, au aache na kurudi nyumbani? Swali hilo ni la miguu, tena ni la roho. Yafaa kulijibu polepole.

1. Mbio za mapendo

Siku hizi katika nchi nyingi watu hupiga mbio ili kukusanya sadaka. Mbio ndefu zaidi kati ya zile zinazojulikana na wote huitwa marathoni, na urefu wake ni kilometa 42 na meta 195. Mwenye kuijua njia ya reli itokayo Kisangani mpaka Ubundu, yenye kilometa 125, na aigawanye sehemu tatu. Sehemu moja ndiyo karibu marathoni. Mtu huikimbia kwa miguu yake mwenyewe, pasipo kupanda toleka wala gari.

Mbio za mapendo zina desturi yake. Kabla ya siku yenyewe, mkimbiaji huwaendea jamaa, rafiki na majirani, akawaambia: kuna wagonjwa, au yatima, au shule isiyo na madawati, mimi nitakimbia kwa ajili yao, nanyi toeni chochote. Fedha haziingii mfukoni mwake, bali hupelekwa kwa wale wenye shida. Huko Lewa, nchini Kenya, mbio za namna hiyo zilianza mwaka 2000, na sadaka zake zimesaidia shule, zahanati na utunzaji wa wanyama wa porini.

Mtu aliyewafundisha wengi jambo hili alikuwa kijana wa Kanada, jina lake Terry Fox. Mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 18, alikatwa mguu wa kuume juu ya goti, kwa sababu ya kansa ya mfupa. Hospitalini aliwaona watoto wenye ugonjwa huohuo, na mateso yao yakamchoma moyo. Akaamua kuikatiza nchi yake kwa mbio, kutoka bahari hata bahari, akiwa na mguu mmoja wa nyama na mwingine wa kutengenezwa, ili kupata fedha za kuchunguza dawa ya kansa. Kwanza alijizoeza zaidi ya mwaka mzima. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza safari, akijitahidi kukimbia kila siku urefu wa marathoni. Alikwenda hivyo siku 143, akapita kilometa 5,373. Tarehe 1 Septemba kifua kilimbana, akasimama; ugonjwa ulikuwa umefika kwenye mapafu. Alikufa tarehe 28 Juni 1981, hajafika bahari ya pili. Lakini kabla hajafa, watu wa nchi yake walikuwa wametoa dola zaidi ya milioni 24, kama dola moja kwa kila mtu, ndivyo alivyotamani. Na tangu mwaka ule wa 1981 wengine hukimbia kila mwaka kwa jina lake.

Angalieni vizuri: safari yake haikutimia, lakini mapendo yake yalitimia. Lishikeni neno hilo, maana mafundisho yote yanayofuata yamo ndani yake.

2. Mwili hufundishwa polepole

Hakuna mtu aamkaye asubuhi moja akakimbia kilometa 42. Mwenye busara huanza na mwendo mfupi, akaongeza kidogo kila juma. Ana siku za kukimbia na siku za kupumzika. Hulala mapema, hula chakula kinachofaa, hunywa maji ya kutosha, hujiepusha na pombe. Wahenga walisema: haraka haraka haina baraka.

Wengi hudhani kwamba mwili hupata nguvu wakati wa kukimbia. Sivyo. Wakati wa kukimbia mwili huchoka, na nyama zake huchanika kidogo kidogo, mchaniko usioonekana kwa macho. Nguvu huja wakati wa kupumzika na kulala, ndipo mwili unapojitengeneza na kuwa imara kuliko kwanza. Asiyepumzika hukusanya majeraha madogo mpaka yawe jeraha kubwa. Goti huvimba, mshipa wa kisigino huwaka, hata mfupa waweza kupata ufa. Tena maumivu yana aina mbili. Yako maumivu ya uchovu, ambayo huisha baada ya usiku mmoja au miwili. Hayo mtu huyavumilia. Na yako maumivu yanayozidi kila siku, yenye uvimbe, yanayomfanya mtu achechemee. Hayo ni sauti ya kuonya, nayo yataka mganga wa hospitali.

Watu wa Kisangani wanao walimu wa jambo hili hapo mtoni. Wavuvi wa Kigenia, tangu zamani za babu zao, husimamisha miti mikubwa katika maji makali ya maporomoko, huifunga kwa kamba za mwitu, kisha hutundika humo vikapu vyao vikubwa vya kutegea samaki. Je, mvuvi akiona kikapu kimepasuka, hukitumbukiza tena majini ili aonekane hodari? Hata kidogo. Hukitoa, hukaa chini, hukisuka upya mahali palipopasuka. Siku ile hapati samaki katika kikapu kile, wala hakuna mtu amwitaye mvivu. Wote wajua kwamba kutengeneza kikapu ni sehemu ya uvuvi.

Basi, mwili wa mwanadamu wapita kikapu kwa thamani. Ni kazi ya mikono ya Mungu, na kwa Ubatizo huwa hekalu la Roho Mtakatifu. Amri ya tano, inayokataza kuua, yatuamuru pia kuutunza mwili wetu na wa jirani. Kuuvunja mwili kwa ajili ya sifa si ushujaa.

3. Kijana aliyeficha goti lake

Na uwekwe mbele ya macho mfano wa kijana mmoja. Jina lake halihitajiki, kwa kuwa wenzake ni wengi.

Kijana huyo alikuwa mkatekumeni wa mwaka wa pili, katika kijiji cha ng'ambo ya mto, kupita Lubunga. Parokia yake ilitangaza mbio za mapendo, ili kununua magodoro kwa nyumba ya wagonjwa. Kijana aliandikisha jina lake. Alipita nyumba kwa nyumba, na watu wakampa walichokuwa nacho: huyu noti iliyokunjwa, yule pesa za kikapu cha muhogo, mjane mmoja akampa pesa ya sabuni. Yote yaliandikwa katika daftari, yakawekwa kwa mtunza hazina wa jumuiya. Na kijana akawa anakimbia kila alfajiri, kabla jua halijawa kali.

Alikimbia vizuri, lakini hakutaka kupumzika. Zilipobaki juma sita, goti la kushoto lilianza kuuma. Juma la pili lilivimba. Yeye akavaa suruali ndefu ili watu wasilione, akaendelea. Alipoulizwa, alijibu kwamba ni mzima. Lakini Dominika katika Misa, watu wote walipopiga magoti wakati wa mageuzo, yeye alisimama peke yake. Wengine wakanong'ona kwamba amekuwa na kiburi tangu alipopata sifa.

Bibi yake hakunong'ona. Jioni alimwita jikoni, akasema: "Mjukuu wangu, hebu piga magoti hapa tusali."

Kijana alijaribu, akashindwa, machozi yakamtoka. "Bibi, nikiacha kukimbia, watu watasema nimekula fedha za wagonjwa. Tena nimemwahidi Mungu, je, hatanikasirikia? Na yule kijana wa kijiji cha pili ndiye atakayesifiwa."

Bibi alikaa kimya kidogo, akisukuma kuni motoni. Kisha akamwambia: "Umenena mambo matatu, mjukuu wangu. La kwanza ni hofu ya vinywa vya watu. Fedha zimo katika daftari, nawe waweza kusema kweli mbele ya wote. La pili, umemfanya Mungu kuwa kama mdai mkali anayetaka goti lako. Mungu ana haja na magoti yako uyapige mbele yake, si kuyavunja. La tatu ndilo baya, nawe umelitaja mwisho kwa kuwa walijua. Magodoro yakinunuliwa kwa mbio za yule mwingine, wagonjwa watalala juu yake vibaya?"

Kijana hakuwa na jibu.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho yake kijana alivuka mto kwa mtumbwi, akaenda hospitalini. Mganga alilitazama goti, akamwamuru aache kukimbia kwa muda, atembee kidogo kidogo, afanye mazoezi ya kuimarisha paja, wala asikimbie mbio ndefu mwaka ule. Dominika iliyofuata, baada ya Misa, kijana alisimama mbele ya jumuiya yake, akaeleza yote. Watu wengi walimhurumia. Wachache walinung'unika. Mmoja alitaka kurudishiwa fedha zake, akarudishiwa, nalo likaandikwa katika daftari. Mjane yule wa sabuni akasema kwamba yeye alitoa kwa ajili ya wagonjwa, na wagonjwa bado wapo.

Siku ya mbio ilipofika, binamu yake alikimbia kwa niaba yake. Yeye mwenyewe alisimama tangu alfajiri kwenye kona ya barabara, na ndoo ya maji safi na vikombe, akimnywesha kila apitaye, wa kwanza hata wa mwisho. Wa mwisho alipita saa sita mchana, jua likiwa juu ya kichwa. Watazamaji walikuwa wamekwisha kwenda kula. Kijana alimpa maji, akatembea naye hatua chache akichechemea, kisha akarudi kukusanya vikombe. Hakuna aliyempigia makofi. Lakini usiku ule alisali bila hofu, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

4. Wawili walioumia siku moja

Mtu aweza kuuliza: je, mfano huo haufundishi uvivu? Mbona wako walioumia wakaendelea, nasi twawasifu?

Ni kweli, wako. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico, yalifanyika mashindano ya marathoni ya michezo ya Olimpiki. Mji ule uko juu sana, zaidi ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi, mtu huchoka upesi. Kati ya wakimbiaji alikuwamo Mtanzania, John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu. Njiani wakimbiaji walisongamana, naye akaanguka vibaya. Goti likateguka na kuchanika, na bega likagonga chini. Waganga walimfunga bendeji. Akasimama, akaendelea, mara akikimbia, mara akitembea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa ametumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza likiwa limeingia, watu wengi wamekwisha kwenda zao. Alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27, akawa wa 57, yaani wa mwisho kati ya wote waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali hivyo ili aanze mbio tu, bali ili azimalize.

Lakini katika mbio zizo hizo, siku iyo hiyo, alikuwamo mwingine aliyeumia. Huyo ni Abebe Bikila wa Ethiopia, mkimbiaji mkuu wa zama zake. Mwaka 1960 alishinda marathoni ya Roma akikimbia bila viatu. Mwaka 1964 alishinda tena huko Tokyo, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Mwaka 1968 alikwenda Mexico na mguu wenye ufa katika mfupa. Alikimbia kama kilometa 17, kisha akatoka njiani. Husimuliwa kwamba alimwambia Mamo Wolde, ndugu yake wa nchi moja, kuwa yeye hataweza kumaliza, na kazi ya kushinda sasa ni yake. Na Mamo akashinda.

Basi, ni nani kati ya hao wawili aliyefanya vema? Wapendwa wakatekumeni, wote wawili. Akhwari alikwisha kuonwa na waganga, jeraha lake lilikuwa wazi mbele ya wote, wala hakutafuta taji, maana taji lilikuwa limekwisha kuchukuliwa. Alitaka kutimiza kazi aliyopewa, hata kwa kutembea. Miaka miwili baadaye, katika mashindano ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikuwa wa tano. Bikila naye alijua kwamba kila hatua inauvunja mfupa zaidi, akaikubali kweli hiyo, akamwachia mwenzake bila wivu. Mwaka uliofuata, 1969, alipata ajali ya gari, na miguu ile iliyoshangaza dunia haikutembea tena. Hata hivyo hakukata tamaa: mwaka 1970, akiwa katika kiti cha magurudumu, alishindana kwa upinde na mishale huko Uingereza. Alifariki mwaka 1973.

Kuendelea peke yake si fadhila, wala kuacha peke yake si dhambi. Mwenye jeraha na ajiulize maswali matatu. La kwanza: je, jambo hili nalificha, au nimelisema kwa wanaopaswa kulijua? La pili: wenye ujuzi wasemaje? La tatu: nikiendelea, au nikiacha, natafuta faida ya nani? Akijibu kwa kweli, Roho Mtakatifu atamwonyesha njia. Paulo mwenyewe aliwafundisha Wakorinto kwamba mtu hata akiutoa mwili wake uteketezwe kwa moto, kama hana mapendo, hapati faida yoyote. Na Paulo huyohuyo alikuwa na mwiba katika mwili wake. Alimwomba Bwana mara tatu auondoe, lakini mwiba haukuondolewa. Akapewa neema ya kutosha, akajua kwamba nguvu ya Mungu hukamilika katika udhaifu wa mtu.

5. Jeraha la roho

Mambo haya yamesemwa kwa ajili ya miguu. Sasa yasikilizwe kwa ajili ya roho.

Ukatekumeni ni mbio ndefu. Hauishi kwa mwezi mmoja. Mtu hupokelewa na Kanisa, hujifunza sala na amri, huziacha desturi zisizopatana na Injili, mpaka Dominika ya kwanza ya Kwaresima atakapoitwa kwa jina lake kati ya wateule, na usiku wa Pasaka atakapobatizwa. Katika safari hiyo wengi huumia. Mmoja alikuwa ameacha ulevi, kisha siku ya matanga ya ndugu yake akalewa tena. Mwingine mtoto wake aliugua, jamaa wakamshurutisha kwenda kwa mpiga ramli, akaenda. Huko akatajiwa jina la shangazi yake, na sasa nyumba mbili hazisalimiani. Mwingine aligombana na mwenzake wa mafundisho kwa ajili ya mpaka wa shamba.

Na baada ya kuanguka, hao hufanya kama kijana yule: huvaa suruali ndefu. Hukaa nyuma kanisani, hujibu kwamba ni wazima. Kisha huanza kukosa mafundisho: leo mvua, kesho homa, keshokutwa mazishi. Mwishowe hawaonekani tena. Hawakupotezwa na lile anguko, bali na aibu iliyolificha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wako pia waliojeruhiwa bila kosa lao. Kisangani yawajua. Mwezi Juni 2000, siku sita, majeshi mawili ya kigeni yalipigana ndani ya mji kwa mabomu, na watu wengi wasio na hatia wakauawa. Katika mapigano ya miaka ile alikuwamo mtoto, Popole Misenga. Akiwa na umri wa miaka 9 alikimbia vita vya Kisangani, akatengana na jamaa zake, akakaa msituni siku 8 kabla ya kuokotwa na kupelekwa Kinshasa. Huko alijifunza mchezo wa judo. Mwaka 2016, katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, alishindana katika timu ya wakimbizi, ambayo mkuu wake alikuwa Tegla Loroupe, mkimbiaji mashuhuri wa Kenya. Alishinda shindano moja, akashindwa la pili. Hakupata nishani. Lakini yule mtoto wa msituni alisimama mbele ya dunia nzima, kwa sababu wako watu waliomwokota. Jeraha la namna hiyo si la kuonewa aibu, wala haliponi kwa kukaa peke yako.

Basi, mkatekumeni aliyeanguka afanye nini? Hapokei bado Sakramenti ya Kitubio, kwa maana Ubatizo ndio mlango wa sakramenti zote. Na siku atakapobatizwa, dhambi zake zote zitaondolewa. Lakini asingoje siku hiyo akiwa amekaa katika matope. Na amwombe Mungu msamaha kwa moyo wa majuto. Na amweleze padre au msimamizi wake jambo linalomlemea. Aliyemkosea na amwendee, apatane naye. Akiambiwa angoje mwaka mmoja zaidi kabla ya Ubatizo, asidhani amefukuzwa. Ni mganga anayesema: goti hili bado. Anayengoja kwa utii yumo mbioni bado.

Na wanaotazama nao wajiangalie. Katika Njia ya Msalaba, inayosaliwa Ijumaa za Kwaresima, kuna vituo 14, na katika vituo vitatu Bwana wetu Yezu Kristu aanguka chini ya mzigo. Mwana wa Mungu hakuona aibu kuonekana mavumbini. Wala hakukataa msaada: Simoni wa Kirene, mtu aliyetoka Afrika, aliuchukua msalaba pamoja naye. Watazamaji walikuwa wengi njiani siku ile. Tunalolijua ni jina la aliyebeba. Kwa hiyo mkatekumeni mmoja akikosa mafundisho mara mbili, mwenzake asiseme maneno sokoni. Aende nyumbani kwake, abishe hodi, akae naye.

6. Maswali na majibu

Swali: Mbio za Mkristu ni zipi?
Jibu: Ni maisha yake yote, tangu anapoitwa na Mungu mpaka anapokufa katika neema.

Swali: Je, ni dhambi kupumzika ukiwa mgonjwa au umeumia?
Jibu: Sivyo. Amri ya tano yatuamuru kuutunza mwili. Dhambi ni kuwa mvivu ukiwa mzima, au kujidhuru kwa ajili ya sifa.

Swali: Nikiahidi tendo la mapendo, kisha nisiliweze, nifanye nini?
Jibu: Niseme kweli upesi, nirudishe kisicho changu, na nitafute tendo jingine ninaloliweza.

Swali: Mkatekumeni aliyeanguka dhambini aache mafundisho?
Jibu: Asiache hata siku moja. Mgonjwa haikimbii hospitali.

Wapendwa wakatekumeni, Mwenyeheri Anuarite, binti wa Wamba, mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu, alimaliza mbio zake huko Isiro tarehe 1 Desemba 1964, kabla hajatimiza miaka 25, akimsamehe aliyemwua. Wengine mbio zao ni za miaka 80, na nyingi zake ni za kuchechemea. Bwana wa mbio ni mmoja. Hahesabu dakika kama waamuzi wa uwanjani. Hata giza likiingia na watazamaji wakienda zao, yeye hubaki mlangoni akimngoja wa mwisho.

Juma hili kila mmoja na atende mambo mawili: aseme kweli juu ya jeraha moja alilolificha, na amtembelee mwenzake mmoja aliyeacha kuja. Kisha na asali hivi:

Ee Yezu, uliyeanguka njiani ukainuka, wayajua magoti yetu yote. Utupe nguvu ya kwenda pale tuwezapo kwenda, unyenyekevu wa kupumzika pale tusipoweza, na macho ya kumwona mwenzetu aliyebaki nyuma. Utufikishe wote kwako. Amina.